Kwa Saa ya Maji: Malindi hadi Marafa kwa Baiskeli ya Matairi Mapana

Jumatano. Malindi, kusini hadi Mayungu

Mwezi umeandama juzi, maji ni ya bamvua. Nikiwa bado Mombasa mdogo wangu aliniandikia ujumbe mfupi: "Dada, njoo kabla maji hayajafa." Mtu wa pwani hahitaji maelezo zaidi. Siku za bamvua bahari hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikafika karibu mita 4, na ikipwa huacha ufuo mgumu na mpana unaopitika vizuri. Siku za maji mafu njia hiyo haipo. Utasukuma baiskeli kwenye mchanga mkavu mpaka uilaani.

Leo maji yanapwa kabisa saa nne kasorobo. Tumetoka saa moja na nusu, bahari ikiwa inarudi nyuma, ili twende na kurudi juu ya mchanga uliolowa. Kesho yatachelewa, keshokutwa yatachelewa zaidi, kwa wastani dakika 50 kila siku. Ratiba ya safari yote imepangwa na mwezi, mimi sikuulizwa, na hilo ndilo la kwanza lililonipendeza. Ofisini kila mtu ana "haraka" yake. Hapa ipo saa moja tu, na haipigi simu.

Niseme kazi yenyewe. Nashughulikia makaratasi ya mizigo bandarini. Kontena likichelewa kutoka, mwenye mali analipia kila siku inayopita, na kila siku inayopita ananipigia mimi. Kuanzia Septemba mizigo ya mwisho wa mwaka humiminika, na mwaka huu nikaanza kuamka saa tisa za usiku, meno yameumana. Aliyenishika ni daktari wa meno. Alisema gego limepata ufa kwa kusagwa usingizini, akaniuliza nina msongo gani wa mawazo. Nikacheka. Kesho yake nikaomba likizo.

Baiskeli ni za Mtaliano mmoja ambaye huja Malindi kila Desemba na kurudi kwao upepo wa kusi ukianza, na huziacha kwa mdogo wangu. Matairi yana upana wa inchi 4, karibu sentimita 10, na watoto wa mtaani kwetu Shela wameshazibatiza Bonge. Unene wenyewe haungetosha bila upepo mdogo. Tairi la kawaida hujazwa upepo mpaka likawa gumu kama jiwe. Haya, kwa mchangani, tunayapa kama pauni 6 kwa inchi ya mraba, na ukiyabonyeza kwa kidole gumba yanabonyea. Uzito wa mpandaji unatawanyika juu ya eneo kubwa, tairi linaelea badala ya kuchimba. Walioanza mambo haya walikuwa na shida zao: Alaska walitaka kupita juu ya theluji (mbio za Iditabike zilianza 1987), na huko New Mexico wengine walitaka kuvuka machuguu ya mchanga. Kampuni ya Surly ilipotoa Pugsley mwaka 2005 ndipo baiskeli za aina hii zikaanza kuenea.

Kwao Ulaya huu ndio msimu wake mzuri. Jana Mtaliano alimtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti: majani yamepukutika, njia za msituni ni matope matupu, mizizi na mawe yamefunikwa huoni unachokanyaga, na matairi haya yanapita tu. Sisi hatuna kupukutika kwa namna hiyo, ila mkungu ulioko uani kwa mama umegeuka mwekundu nusu na unamwaga majani yake kila asubuhi, mama anafagia akinung'unika. Kwetu ni demani. Kusi limechoka, kaskazi halijafika, na mvua za vuli zinachungulia.

Safari ya leo ilikuwa ya kujaribu miguu. Tumepita Silversands, tukapita mbele ya hifadhi ya bahari, ile iliyotangazwa mwaka 1968, mpaka Mayungu. Kina mama walikuwa miambani na fimbo zao wanatafuta pweza. Tumejilazimisha kupita chini ya mstari wa mwani uliotupwa na maji, kwa sababu juu ya mstari huo ndipo kasa hutaga. Wapo wanaopandisha pikipiki huko juu, mchana kweupe. Sitasema zaidi.

Mapaja yananiuma. Usiku nimeamka saa tisa.

Alhamisi. Malindi hadi Mambrui

Leo ndiyo nimeanza kujifunza kusoma mchanga.

Mdogo wangu hajui kufundisha, anatangulia tu halafu anacheka ukikwama. Lakini kwa kumfuata nimeona. Mchanga mweusi usiong'aa ndio mgumu, pita hapo. Unaong'aa una maji mengi ndani, gurudumu la mbele linapoteza mwelekeo. Wenye mikunjomikunjo iliyoachwa na mawimbi unakutikisa mpaka mikono inakufa ganzi. Mweupe ni mkavu, huo ni wa kuukimbia, na ukilazimika kuupita basi shuka gea kabla hujafika, kaa nyuma ya kiti, kanyaga polepole bila kusita, wala usipinde usukani ghafla. Mchanga haukai wa aina moja hata hatua kumi. Ukiwaza kontena la mtu kwa sekunde tatu umeshalala ubavu.

Nadhani hapa ndipo dawa ilipo, kama ipo. Nimewahi kulipia chumba cha hoteli ufuoni nikakaa nikitazama bahari siku nzima ili nipumzike, na siku nzima nilijibu barua pepe kichwani. Bahari ya kutazama inakuachia nafasi kubwa mno ya kuwaza. Mchanga haukuachii.

Kaskazini mwa mji maji hubadilika rangi, yakawa ya chai ya maziwa, kwa udongo unaoletwa na Sabaki. Mto huu ni wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana, na huku juu unaitwa Athi, halafu Galana, ukifika kwetu ndiyo Sabaki. Mito ya Nairobi inamwaga humo. Basi makelele ya jiji lile hutufikia mwishowe, yakiwa tope. Tulifika mdomoni maji yakiwa yamepwa vizuri, na pale tukashuka tukakaa muda mrefu kuliko tulivyopanga, kwa sababu ya ndege.

Vitwitwi walikuwa maelfu, wanakimbia ukingoni mwa wimbi wote kwa pamoja na kugeuka wote kwa pamoja. Wengi wao si wa hapa. Kuna wanaozaliana Siberia, karibu kabisa na barafu ya kaskazini, na baridi ya huko ikianza kuuma wanashuka mpaka kwetu kula vijidudu vya tope la Sabaki na la hori la Mida. Kwa hiyo yale majani yanayomwangukia Mtaliano na hawa ndege mbele yetu ni habari moja. Heroe pia walikuwepo, wachache, wamesimama mbali katika maji ya kina kifupi. Tuliziacha baiskeli zimelala ili tusiwafukuze. Ukimwinua ndege aliyetoka Siberia kila baada ya dakika tano kwa sababu wewe unataka picha, umemla nguvu zake.

Mdomoni hapavukwi. Kuna viboko na mamba, na maji yanadanganya. Tulirudi ndani tukapita darajani pamoja na malori, kisha tukashika njia za mchanga upande wa pili mpaka machuguu ya Mambrui yakaonekana.

Kwa shangazi tumefika saa nane, tumepakwa tope mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nani huyu? Subhanallah! Na suruali?"

Nilikuwa nimevaa suruali pana, shati refu la kufika magotini na mtandio. Shangazi alinizunguka mara moja akinikagua, kisha akaizunguka baiskeli.

"Na chumvi hii mtaitoa kwa nini? Maji ya kisima changu yenyewe yana chumvi."

Swali la maana kuliko yote niliyoulizwa safari nzima. Tulinunua mitungi miwili kwa mwenye mkokoteni, tukafuta cheni kwa kitambaa na kuipaka mafuta. Chumvi haina urafiki na chuma. Baiskeli ya ufuoni isipooshwa siku hiyohiyo, kesho yake cheni imekwisha kuota kutu ya rangi ya machungwa.

Ijumaa. Mambrui

Hakuna safari. Maji yanapwa saa tano na robo, na hiyo ni saa ya watu kuoga na kujiandaa kwa sala. Mdogo wangu ameenda msikitini, mimi nimemsaidia shangazi kukuna nazi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nimezimaliza siku mbili za kwanza, na usiku wa kuamkia leo bado niliamka saa tisa, bado taya limekaza. Nilimwambia shangazi. Yeye hakuniambia nisali wala ninywe kitu. Alisema, "Huko kwenu mnalala na simu." Akaendelea kukuna.

Alasiri jua lilipopoa tumepanda machuguu. Mchanga wa huku una vipande vidogo vinavyometameta kama dhahabu, na watoto hukuambia kwa uso mkavu kwamba ni dhahabu kweli. Kupanda haiwezekani kwa pedali, hata Bonge ina mipaka yake. Unasukuma, visigino vinadidimia, moyo unagonga masikioni. Kushuka ni jambo jingine kabisa. Unaachia breki ya mbele, unarudi nyuma mpaka tumbo liko juu ya kiti, na mchanga unakupunguza mwendo wenyewe, bila kelele na bila hatari kubwa. Nilipiga ukelele chini ya chuguu la pili, ukelele wa mtoto. Watoto wakaitikia "Bongeee!" na wakataka zamu. Walipewa, wawili wawili, mmoja akisukuma. Ikawa saa nzima. Tulikaa mbali na pale penye majani yatambaayo yenye maua ya zambarau, maana hayo ndiyo yanayoshika mchanga usihamie majumbani mwa watu.

Tukirudi tumepita kwenye kaburi la mnara, lile lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale walipata karibu na hapa sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424. Kwa miaka mia sita mji huu umekuwa ukipokea mizigo kutoka ng'ambo. Ningependa kujua nani alikuwa akishughulikia makaratasi.

Jumamosi. Mambrui hadi Ngomeni

Siku ndefu, na nzuri kuliko zote hadi saa sita.

Kusi lililobaki lilikuwa mgongoni. Ufuo kutoka Mambrui kupita Che Shale ni mrefu na mtupu: upande mmoja machuguu na minazi, upande mwingine maji, mbele huoni mwisho. Kwa kitambo hatukusema neno. Mlio pekee ni wa matairi, mvumo mzito wa chini, na kaa wanaokimbilia mashimoni. Nilikuja kugundua tu kwamba kwa muda fulani, sijui mrefu kiasi gani, sikuwa na wazo lolote. Nilipogundua, likaja wazo kwamba sina wazo, ikawa imekwisha. Lakini ilikuwepo.

Karibu na Ngomeni tumeacha ufuo, tukaingia njia ya vichakani, na mwiba wa mgunga ukapita moja kwa moja kwenye tairi la nyuma la mdogo wangu. Huko ndiko mtandao ukarudi. Simu yangu, iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya mikate ya shangazi, ikaanza kutetemeka bila kukoma.

Nilipokea moja. Mteja. Alianza kwa salamu nzuri, na kabla hajamaliza salamu nilihisi meno yangu yameumana. Hapo ndipo niliposhika kitu ambacho daktari alikisema bila mimi kukielewa: taya hukaza kabla habari haijafika. Nikaliachia. Nikamwambia yuko mtu ofisini anayeshughulikia faili lake, nikamtajia saa za kumpata, nikamtakia heri. Dakika mbili hivi. Kisha nikaizima, nikaenda kumshikia mdogo wangu gurudumu.

Tubu la baiskeli hii halipatikani dukani huku. Fundi wa kijijini aliigeuzageuza, akauliza kama ni ya pikipiki iliyofiwa na injini, kisha akakata kiraka kwenye tubu kuukuu la lori, akakwangua kwa msasa, akapaka solusheni, akapuliza, akabandika. Kazi safi. Kujaza upepo ndiko kulikokuwa na kazi, maana tairi hili lina tumbo. Kijana wa bodaboda alitupa pampu ya miguu, na tukapokezana mpaka jasho likatudondoka.

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi, kamba na kaa wa mikokoni, na baharini mbele yake yako majukwaa ya San Marco, ambapo Wataliano walianza kurusha setilaiti mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani, na kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya ikapewa jina Uhuru. Mzee mmoja barazani, tulipomwamkia na kukaa, alituuliza tumetoka wapi na kwa nini. Mdogo wangu akasema, "Dada amechoka kazini, mzee, tunampumzisha." Mzee akaitazama ile baiskeli, akanitazama mimi na vumbi langu.

"Kwa hii?"

Tukala wali wa nazi na kamba. Nimelala mpaka adhana.

Jumapili. Ngomeni hadi Marafa

Bahari basi. Tumejaza matairi upepo zaidi kwa ajili ya barabara, tukapita Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, milima myeupe inayoumiza macho, halafu tukaelekea bara.

Hapa unaingia Magarini kwenyewe: mashamba ya muhindi, mikorosho iliyoanza kutoa mabibo, mibuyu, nyumba za makuti zilizotawanyika. Joto ni jingine, hakuna upepo wa bahari. Mlima si mkali lakini hauishi, na matairi haya ambayo mchangani ni neema, kwenye barabara ngumu ni adhabu, yanavuta. Sitaki kudanganya mtu: kwa saa mbili nilikuwa na hasira. Mama mmoja aliyekuwa akiuza madafu chini ya mwembe alinikatia mawili mfululizo bila kuniuliza, akanisogezea kigoda.

Saa tisa vuli likatukuta. Mvua ya dakika ishirini, kubwa, na udongo mwekundu ukageuka ugali. Ukajaa baina ya tairi na fremu mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka. Tukashuka, tukakwangua kwa vijiti, tukaenda hatua hamsini, tukakwangua tena. Nilimkumbuka Mtaliano na msitu wake wa matope, nikamrekodia ujumbe wa sauti wenye matusi kidogo ya mapenzi.

Tumefika Nyari, korongo la Marafa, jua likielekea kuzama, na hiyo ndiyo saa yake. Ardhi imemeguka ikaacha bonde la nguzo na kuta za mchanga uliogandamana, nyeupe juu, kisha waridi, machungwa, na nyekundu iliyoiva chini, kazi ya maji na upepo kwa miaka mingi. Mwongozaji, kijana wa hapahapa, alitusimulia ya wazee: palikuwa na familia tajiri yenye ng'ombe wengi mpaka ikawa inaoga maziwa, Mungu akakasirika, ardhi ikawameza, na ndiyo maana kuna nyeupe ya maziwa na nyekundu ya damu. Baiskeli tumeziacha juu, huko chini ni kwa miguu, na ni haki: kila mvua inameguka kidogo, haihitaji na matairi yetu.

Jumatatu. Marafa hadi Malindi

Usiku nimeamka tena saa tisa, mvua ikipiga bati. Nimeisikiliza, nimegeuka, nimelala.

Kurudi kwa sehemu kubwa ni mteremko. Tumepita haraka, daraja la Sabaki, malori, mji. Mto ulikuwa umepanda na rangi imekolea.

Nyumbani tumeziosha baiskeli kwa maji matamu, nusu saa kila moja: chumvi ya Mambrui, tope la Marafa, mchanga uliojificha mpaka ndani ya mirija ya waya za breki. Fundi wa Shela alikuja akapima cheni ya kwangu kwa macho, akaivuta kwa kidole mbele ya meno ya gea, akatikisa kichwa. Imekwisha, anasema, na ya baiskeli nyingine imebakiza mwezi mmoja. Anayo ya kufaa, shilingi elfu moja na mia mbili. Mdogo wangu amemwambia mia nane na Mtaliano atalipa Desemba. Fundi amesema Desemba ni mbali na yeye hamjui Mtaliano. Nimewaacha palepale wanaendelea, nikaenda kukata tiketi ya basi la saa kumi, na kuangalia kwenye jedwali la maji bamvua ijayo inaangukia siku gani.